Istilahi za muziki wa klasiki zinazochanganywa: ipi uandike, ipi upige

Anayeandika noti kwa ajili ya okestra au kwaya, na anayezisoma, hukwama mahali pamoja: alama mbili zinazoelekea kumaanisha kitu kimoja. Kamusi za muziki haziwasaidii sana, kwa sababu hueleza sauti itakavyosikika, ilhali mpigaji anataka kujua mkono, ulimi au pumzi yake ifanye nini. Kwa hiyo hapa kila jozi imepimwa kwa kazi anayopewa mpigaji, muda anaouhitaji na namna kazi hiyo inavyoharibika. Majina yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, ila vifupisho kama pizz. na rit. vimeachwa jinsi vinavyoonekana kwenye karatasi.

Legato, tenuto, portato, stakato

| Jina | Alama | Urefu unaosikika | Kazi ya mpigaji |
|---|---|---|---|
| Legato | tao juu ya noti tofauti | wote, bila pengo | upinde mmoja au pumzi moja. Ulimi hugusa noti ya kwanza tu |
| Tenuto | kistari kilicholala | wote, pamoja na uzito kidogo | kila noti huanzishwa upya, haiachiwi mapema |
| Portato | nukta au vistari chini ya tao | kama robo tatu | upinde mmoja unaosita kidogo kati ya noti |
| Stakato | nukta juu au chini ya kichwa cha noti | karibu nusu | kuachia mapema |
| Stakatisimo | kabari ndogo | karibu robo | kuachia mapema zaidi, mara nyingi kwa mkazo |

Hizo nusu na robo ni za kuanzia tu. Ukumbi wenye mwangwi mrefu hudai stakato fupi kuliko chumba kikavu, maana mwangwi wenyewe huirefusha noti. Na kwa watunzi wa karne ya 18 kabari haikumaanisha ufupi tu. Mara nyingi ilikuwa mkazo, au njia ya kumwambia mpigaji kwamba noti hii haimo ndani ya tao lililotangulia.

Stakato huharibika kwa namna moja inayojulikana na kila mwalimu wa kwaya: watu hukimbia. Noti ikifupishwa, kimya kinachobaki baada yake hakihesabiwi, na noti inayofuata hudakwa mapema. Dawa yake ni kuandika upya kipande hicho kwa mazoezi: noti ya robo yenye nukta ya stakato iandikwe kama noti ya 1/8 ikifuatwa na kimya cha 1/8. Wakishaihesabu hivyo mara kadhaa, warudi kwenye maandishi ya awali. Waimbaji wana hatari nyingine, ya kuikata sauti kooni. Noti ikatwe kwa kusimamisha pumzi kutoka tumboni. Koo likifunga, noti ya pili huanza kwa kishindo.

Nukta iliyo juu au chini ya kichwa cha noti hufupisha. Nukta iliyo kando yake, kulia, huongeza nusu ya thamani: noti ya robo huwa pigo moja na nusu. Zote mbili zinaweza kuonekana kwenye noti moja, na hapo anayesoma kwa haraka hupotea.

Matao nayo yanafanana kwa sura. Tao kati ya noti mbili zinazofuatana za kimo kimoja, yaani za sauti ileile, huzifunga ziwe noti moja ndefu, na ya pili haipigwi. Tao juu ya noti za vimo tofauti ni legato. Kama noti ni za kimo kimoja lakini zina nukta chini ya tao, hiyo ni portato na zote hupigwa. Kwa waimbaji kuna maana ya nne: tao huonyesha kwamba silabi moja inaimbwa kwa noti kadhaa. Mwimbaji anayedhani kila penye tao ndipo penye legato, na pasipo tao akate, ataimba silabi nyingi kwa vipande bila sababu. Kwa sauti ya mwanadamu legato ndiyo hali ya kawaida: vokali hushikwa hadi mwisho wa noti, konsonanti hutamkwa haraka mpakani.

Kuchagua kati ya portato na tenuto kwa wapiga fidla ni kuchagua idadi ya mipinde. Tenuto huwapa upinde mpya kwa kila noti, hivyo sauti huwa pana na nzito. Portato huwabana ndani ya upinde mmoja, na sauti hubaki laini. Kwa ala za kupuliza, portato ni ulimi wa "da" badala ya "ta", huku pumzi ikiendelea kutoka bila kukatika. Kwenye piano portato karibu haiwezekani bila pedali ya kulia. Vidole huachia, pedali hushika, na kinachosikika ni noti zilizotenganishwa ambazo bado zinashikana kidogo.

Legato ya piano nayo ina njia mbili. Tumia vidole pale melodia inapotembea hatua kwa hatua. Tumia pedali pale mruko unapozidi upana wa kiganja. Mguu hauendi pamoja na mkono: unapanda wakati kitufe kipya kinashuka, kisha unarudi chini baada ya noti kulia. Anayekanyaga pamoja na noti hunasa mabaki ya akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) iliyopita na kupata uji wa sauti. Nyuzi nene za besi huchelewa kunyamaza kuliko za juu, kwa hiyo huko chini mguu ukae juu muda mrefu kidogo kabla ya kukanyaga tena.

Spikato au sotiye

Zote mbili ni upinde unaoruka juu ya uzi, na kwenye karatasi zote huandikwa kwa nukta zilezile za stakato. Tofauti iko kwenye nani anayerusha. Katika spikato mkono hurusha upinde na kuupokea, noti moja baada ya nyingine. Katika sotiye upinde hujirukia wenyewe kwa mnyumbuko wa kijiti chake, na mkono hufanya mwendo mdogo wa haraka tu.

Spikato hupigwa karibu na mahali upinde unapojipima uzito, yaani upande wa chini ya katikati. Upinde hudondoka kutoka kimo kidogo sana, hugusa uzi huku ukisafiri kwa ulalo, kisha hunyanyuka. Njia yake ni kama sehemu ya chini ya bakuli. Ukitaka sauti kavu, punguza ulalo. Ukitaka nguvu, sogea kuelekea mshiko. Kosa kubwa ni kuurusha juu mno: sauti hukwaruza, na mikono miwili huachana, kwa sababu kidole cha kushoto kimeshafika kabla singa, yaani nywele za upinde, hazijarudi kwenye uzi.

Sotiye huanzia kwingine kabisa. Piga noti fupi za kawaida, haraka, upinde ukiwa kwenye uzi, katikati ya upinde, singa zote zikigusa. Legeza kidole cha mwisho. Acha kidole cha shahada kibaki na uzito kiasi tu cha kuuelekeza upinde. Kasi ikifika, kijiti huanza kurukaruka chenyewe, hata kama singa hazionekani kuacha uzi. Anayeukaba upinde kwa kidole gumba huua mruko huo papo hapo, na akijaribu kuufufua kwa kunyanyua mkono anarudi kwenye spikato bila kujua.

Uamuzi unategemea kasi. Polepole, sotiye haipo. Kijiti hakina mwendo wa kukirusha. Kwa kasi kubwa, spikato huchosha mkono na kupoteza usawa. Eneo gumu ni katikati, takriban noti 6 hadi 8 kwa sekunde, ambapo kila mpigaji ana mpaka wake na kila upinde una tabia yake. Kundi zima la fidla likiwa katika eneo hilo, ni afadhali kiongozi wa fidla aamue kabla ya mazoezi kuliko kuacha nusu ya kundi iruke na nusu ikae kwenye uzi. Chelo na besi, zenye nyuzi nzito zaidi, hupata ugumu mapema.

Mtunzi asiyetaka kuruka kabisa aandike kwa maneno kwamba upinde ubaki kwenye uzi. Nukta peke yake haimwambii mpigaji hilo, na mazoea ya wengi, wakiona nukta katika kipande chepesi cha haraka, ni kuruka. Kwenye muziki wa kabla ya katikati ya karne ya 18 tahadhari inageuka: neno spikato likiandikwa humo lilimaanisha tu noti zilizotenganishwa, pasipo mruko.

Kuna pia rikosheti: upinde hutupwa mara moja kwenye uzi na kuachwa udunde noti kadhaa kwa upande uleule. Ni rahisi kuianzisha na vigumu kuizuia, kwa kuwa kasi ya midundo hutegemea kimo cha kutupia na mahali pa upinde: kuelekea ncha hudunda haraka, kuelekea katikati hudunda polepole. Usiichague kama okestra nzima inatakiwa kwenda sawa na ngoma.

Pizikato, arko na kijiti cha upinde

Arko ni kupiga kwa upinde, pizikato ni kudonoa uzi kwa kidole. Hizi mbili hakuna anayezichanganya kwa sikio. Kinachosahaulika ni muda wa kuhama. Mpigaji akimaliza noti kwa upinde unaopanda, mkono wake umefika karibu na uzi na anaweza kudonoa karibu mara moja. Akimaliza kwa upinde unaoshuka, mkono uko mbali na upinde umenyooka nje. Anahitaji pigo zima au zaidi kwa mwendo wa wastani. Kurudi kwenye arko ni rahisi kama noti ya kwanza inaanza kwa upinde unaoshuka kutoka mshikoni. Ukikosa nafasi ya kimya, gawa kundi: nusu wadonoe, nusu waendelee na upinde.

Pizikato ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Claudio Monteverdi aliwaamuru wapigaji waweke upinde kando na kudonoa nyuzi kwa vidole viwili katika mchezo wake wa Tancredi na Clorinda, uliopigwa mara ya kwanza mwaka 1624. Kasi yake bado ina ukomo: kidole huchoka mapema kuliko upinde, na mfululizo mrefu wa noti za 1/16 kwa mwendo wa haraka utaanza kulegea.

Pizikato ya kishindo, ambayo uzi huvutwa juu hadi ukirudi uugonge ubao wa vidole, ina alama ya duara dogo lenye kistari kinachochomoza juu. Béla Bartók aliitumia katika kwateti yake ya nne ya nyuzi, ya mwaka 1928. Ichague kwa noti moja moja zenye nafasi baina yake. Ukiiandika kwa kila noti inapoteza ukali na uzi hulegea sauti.

Kol lenyo ni kupiga kwa kijiti badala ya singa, na Hector Berlioz aliiweka mwishoni mwa Simfonia yake ya Njozi ya mwaka 1830. Sauti yake ni ndogo, kavu, na hutoka vizuri tu pale kundi kubwa linapopiga pamoja. Fidla moja ikifanya hivyo ukumbini haisikiki. Kabla ya kuichagua fikiria pia kwamba kijiti hupata mikwaruzo. Wapigaji wengi hubeba upinde wa bei nafuu kwa ajili hiyo, na kubadilisha upinde kunahitaji vipimo (vigawanyo vya mapigo kwenye mstari) kadhaa vya kimya.

Trili, tremolo, vibrato

Hizi tatu huvurugwa zaidi kuliko zote, kwa sababu zote ni sauti inayotetemeka. Jiulize ni kitu gani kinachobadilika.

Katika vibrato noti ni moja na vimo vinayumba kidogo tu kuizunguka. Mwimbaji aliyefunzwa huyumba kati ya mara 5 na 7 kwa sekunde. Ikishuka chini ya hapo sauti husikika kama inalegalega. Ikizidi, hutetema kama ya mtu mwenye baridi. Vibrato haina alama ya kawaida. Huachwa kwa mpigaji, na mtunzi akiikataa huandika kwamba noti isiyumbe.

Katika trili noti ni mbili: iliyoandikwa na jirani yake wa juu, kwa nusu toni au toni nzima. Jirani hufuata shapu na flati zilizowekwa mwanzoni mwa mstari, isipokuwa kama alama nyingine imewekwa juu ya tr, alama ya trili. Kusahau alama hiyo ndogo ndiko chanzo cha fidla za kwanza kupiga toni na filimbi kupiga nusu toni kwa wakati mmoja. Swali la pili ni trili ianze wapi. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753, anaianza kwa noti ya juu. Johann Nepomuk Hummel, mwaka 1828, aliweka kanuni ya kuanza na noti kuu. Basi kwa Bach na Händel anza juu; kwa Liszt na waliofuata anza kwa noti yenyewe. Katikati, kwa Mozart na Beethoven, tazama noti iliyotangulia: kama ni ileile ya juu, kuianza trili kwa juu tena hurudia sauti na kuharibu mstari, hasa penye tao.

Tremolo ni neno moja lenye kazi mbili. Ya kwanza, ya upinde, ni noti moja inayorudiwa haraka. Kwenye karatasi ni mikwaju inayokata mguu wa noti. Mkwaju mmoja kwenye noti ya robo ni noti za 1/8, miwili ni za 1/16, mitatu ni za 1/32 au ni tremolo isiyohesabiwa. Hapo pana mtego. Kwa mwendo wa robo 60 kwa dakika, noti za 1/32 ni 8 kwa sekunde, na hizo zinahesabika kabisa. Mpigaji makini atazihesabu. Kama unataka mtikisiko usiohesabiwa kwa mwendo wa polepole hivyo, andika trem. juu ya mstari, au ongeza mkwaju wa nne. Tremolo hii hupigwa kuelekea ncha ya upinde kwa kifundo cha mkono, hasa ikiwa ya chini chini. Anayeipiga kwa bega hachukui dakika mbili kabla hajakauka mkono.

Ya pili, ya vidole, ni noti mbili zilizoachana kwa tatu (ukizihesabu zote mbili pamoja na iliyo kati) au zaidi zikibadilishana. Kwenye fidla vidole hufika hadi umbali wa nne kwa uzi mmoja bila kunyoosha. Ukizidisha, upinde unalazimika kuvuka kwenda uzi wa pili na sauti huwa tofauti kabisa, yenye mawimbi. Kila noti kati ya hizo mbili huandikwa kwa thamani kamili ya muda wote: tremolo ya mapigo mawili ni noti nusu mbili, na msomaji mgeni huhesabu mapigo manne.

Kwa ufupi wa kuchagua: jirani wa hatua moja ni trili, umbali mkubwa ni tremolo ya vidole, noti moja inayorudiwa ni tremolo ya upinde. Kwa ala za kupuliza tremolo ya vidole inawezekana kwa baadhi ya jozi tu, maana nyingine hudai vidole vinne vihame pamoja. Muulize mpigaji kabla hujaandika.

Modenti ni trili ya pigo moja: noti, jirani, noti. Alama yenye kistari cha wima hushuka kwa jirani wa chini, isiyo na kistari hupanda.

Glisando au portamento

Glisando huonyesha safari nzima kutoka noti hadi noti, na mara nyingi huwa na mstari na muda wake. Portamento ni mteleko mfupi wa kuunganisha, unaochukua kipande kidogo cha mwisho cha noti ya kwanza. Mwimbaji huteleza kwa vokali ya silabi anayoiacha, kisha huitamka konsonanti mpya akiwa amefika. Akiitamka mapema, noti mpya inasikika imechelewa kupanda.

Glisando si kitu kimoja kwa ala zote, na hapa ndipo mtunzi anapoandika jambo lisilowezekana. Piano hutoa ngazi ya vitufe vyeupe au vyeusi tu: mkono wa kulia hupanda kwa kucha ya kidole cha kati na kushuka kwa kucha ya gumba. Hakuna glisando ya nusu toni kwa kidole kimoja. Tromboni huteleza kweli, lakini mrija wake una nafasi 7 zinazoachana kwa nusu toni, hivyo mteleko mmoja hauzidi nusu toni 6. Kutoka Si flati hadi Mi iliyo chini yake unawezekana; ongeza nusu toni moja na mpigaji atalazimika kukata.

Kinubi cha okestra chenye nyuzi 47 hupiga glisando kwa nyuzi zilivyopangwa na pedali zake 7, moja kwa kila jina la noti, kila moja ikiwa na nafasi tatu: flati, kawaida, shapu. Nyuzi zote hulia, hakuna inayorukwa. Ukitaka ngazi ya noti tano, inabidi nyuzi mbili zilingane na jirani zao: weka Mi shapu, ambayo ni sawa na Fa, na Si shapu, ambayo ni sawa na Do, zilizobaki ziache kawaida. Utapata Do, Re, Fa, Sol na La, na mbili kati ya hizo zitalia maradufu. Andika mpangilio huo mwanzoni mwa glisando, si majina ya noti zote zinazopita.

Klarineti iko kati na kati. Mwanzo wa kazi ya George Gershwin ya mwaka 1924, Rhapsody in Blue, uliandikwa kama ngazi ya noti, na mpigaji Ross Gorman ndiye aliyeugeuza kuwa mteleko. Hufanyika kwa kuachia matundu polepole huku mdomo ukilegezwa, na ni rahisi zaidi kwenye sauti za juu. Kwa mpigaji wa kiwango cha kati andika ngazi ya haraka. Itatoka safi kuliko mteleko wa kubahatisha.

Apojatura na achakatura

Vinoti vidogo vyenye mkwaju mguuni ni achakatura: hupigwa haraka kadiri inavyowezekana na havipewi hesabu. Visivyo na mkwaju ni apojatura: huangukia pigo lenyewe na kuila noti kuu. Kanuni ya Bach huyohuyo wa 1753 ni nusu ya noti kuu kama inagawanyika kwa mbili, na theluthi mbili kama inagawanyika kwa tatu. Basi apojatura mbele ya noti nusu yenye nukta huchukua mapigo mawili, na noti kuu hubaki na moja. Mkazo huwa kwenye apojatura, kisha noti kuu hushuka kwa ulaini. Anayezipiga zote haraka anaondoa mgongano wa sauti ambao mtunzi aliutaka. Ukiandika muziki mpya, andika apojatura kwa noti za kawaida. Hakuna haja ya kumpa mtu kitendawili.

Rit., rall. na rubato

Ritardando na ralentando ni kupunguza mwendo hatua kwa hatua, na kwa vitendo hazitofautiani. Ritenuto ni kupunguza papo hapo, kama kuvuta hatamu. Tatizo ni kwamba rit. inaweza kusomeka kama ritardando au ritenuto. Andika riten. ukikusudia ya pili, au neno zima. Alargando hupunguza mwendo na kuipanua sauti, hivyo haifai mahali panapotakiwa kuzimika. Baada ya lolote kati ya haya lazima liwepo a tempo (rudi kwenye mwendo wa awali), la sivyo nusu ya okestra itarudi kwenye mwendo na nusu itangoja.

Kinachoharibu ritardando ni kuanza kwa kishindo. Kondakta hupunguza sana pigo la kwanza, halafu hana pa kwenda. Gawanya mapigo: kuanzia katikati, onyesha nusu-pigo, na kila moja liwe refu kidogo kuliko lililotangulia.

Rubato huazima muda na kuurudisha. Ya zamani, aliyoieleza Pier Francesco Tosi mwaka 1723, humwacha mwimbaji achelewe au awahi huku besi ikienda sawa. Mozart naye, katika barua ya mwaka 1777, anasema mkono wake wa kushoto huendelea na mwendo. Ya baadaye hunyumbua kila kitu pamoja. Kwa mpigaji mmoja na piano zote mbili zinawezekana. Kwa kwaya kubwa chagua ya pili, au andika ongezeko la mwendo na upunguzaji wake waziwazi, kwa kuwa watu 60 hawawezi kuazima kila mmoja kwa kiasi chake.

Majina ya mwendo nayo yana shimo moja: andantino. Wengine huisoma kama ya haraka kuliko andante (mwendo wa kutembea), wengine kama ya polepole, na Beethoven mwenyewe alimwuliza mchapishaji George Thomson ipi aliikusudia. Johann Maelzel alipata hataza ya metronomu, kifaa cha kupima mapigo kwa dakika, mwaka 1815, na miaka miwili baadaye Beethoven akachapisha namba za simfonia zake. Namba hukata ubishi, ingawa huzaa mwingine: sonata yake Op. 106 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi) ina noti nusu 138 kwa dakika, na wapiga piano wengi huipiga polepole zaidi. Andika neno na namba, na kwenye namba weka "takriban".

Sfz, fp na sordino

Sforzando, sfz, ni mkazo wa ghafla unaopimwa kwa mazingira yake. Ndani ya kipande cha chini chini ni mguso tu, ndani ya kikali ni pigo. Fp ni nguvu inayoporomoka mara moja kuwa ulaini, na noti lazima iwe ndefu kiasi cha kuonyesha zote mbili. Tarumbeta na fidla huiweza kwa noti moja. Piano haiwezi: nyundo ikishagonga, sauti hushuka kwa kasi yake yenyewe. Akodi ya kwanza ya sonata ya Beethoven Op. 13 ina fp. Hapo piga kwa nguvu, iache ififie, kisha akodi inayofuata iwe laini.

Kuhusu sauti iliyofubazwa, kuna njia tatu zisizolingana. Con sord. (con sordino) kwa nyuzi ni kuweka kifaa cha kufubaza juu ya daraja, nayo hubadilisha rangi ya sauti pamoja na nguvu yake. Toa vipimo kadhaa vya kuiweka na kuitoa. Una corda kwa piano kubwa husogeza nyundo zigonge nyuzi mbili badala ya tatu, ilhali kwenye piano ya wima husogeza nyundo karibu na nyuzi, hivyo rangi haibadiliki sana. Na p, alama ya kupiga kwa ulaini, ni mkono peke yake. Kwa ulaini tu andika p. Kwa rangi, andika mojawapo ya zile mbili.

Ukikutana na senza sordino kwenye sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven Op. 27 Na. 2, ya mwaka 1801, usiguse pedali ya kushoto. Sordino hapo ni vizuia sauti vinavyolala juu ya nyuzi, na maagizo ni kuvinyanyua, yaani kukanyaga pedali ya kulia. Piano za wakati huo zilififia upesi. Kwenye ya leo, ukiikanyaga bila kuachia utasikia akodi tatu zikilia pamoja, kwa hiyo ibadilishe kila akodi inapobadilika, au ikanyage nusu tu ili besi ibaki na vya juu visafishike.